Hari, Upepo na Maji ya Mtungi: Historia ya Kupoza Nyumba Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika nyumba za kale za Magomeni, Temeke na vijiji vilivyouzunguka mji wa Dar es Salaam kilikuwamo kitu kimoja tu kilichopozwa kwa maji, nacho kilikuwa maji yenyewe. Mtungi wa udongo uliwekwa pembeni mwa ukumbi, umekitwa juu ya mchanga ili usiyumbe, mahali ambapo upepo utokao mlango wa mbele kwenda uani hauna budi kupita. Kata ya kifuu ilitundikwa karibu yake. Udongo wa mtungi haukupakwa kitu cha kuziba vinyweleo vyake, kwa hiyo maji yalipenya kidogo kidogo mpaka upande wa nje, na huko yaligeuka mvuke. Maji hayageuki mvuke bure. Gramu moja ya maji, katika joto la kawaida la pwani, huchukua kalori 580 hivi ili iwe mvuke, nayo ni zaidi ya mara tano ya joto linalohitajika kuitoa gramu hiyo hiyo katika ubaridi wa barafu na kuifikisha penye kuchemka. Joto hilo hutolewa katika mtungi na katika maji yaliyomo, nayo yakapoa.

Wenye nyumba walilijua jambo hili bila ya kulipimia kalori. Walijua kwamba mtungi mpya hupoza kuliko mkongwe, maana vinyweleo vya mkongwe vimekwisha kuzibwa. Kwamba mtungi uliofichwa katika chumba kisicho na upepo haupozi sana. Na kwamba kibuyu, ambacho ganda lake halipitishi maji, huyahifadhi tu. Wapagazi wa misafara ya bara nao walijua kwamba kiriba cha ngozi, kikitundikwa penye kivuli, hutoa maji ya baridi hata katikati ya nyika kavu.

Basi yafaa kuulizwa: watu walioijua siri hii vizuri namna hiyo, mbona hawakuifanya nyumba nzima kuwa mtungi? Katika nchi nyingine jambo hilo lilifanywa zamani sana. Mjini Yazd, katika Uajemi, minara ya upepo iliinuliwa juu ya mapaa, na upepo ulioshuka ndani yake ulipitishwa juu ya hodhi au karibu na mfereji wa chini ya ardhi kabla ya kuingia sebuleni. Katika Misri mdomo wa upepo uitwao malqaf ulielekezwa upande wa kaskazini, na mitungi ya maji iliwekwa katika njia ya hewa. Wenye kuichunguza lugha watapendezwa kukumbuka kwamba dirisha la mbao la Misri, mashrabiya, lapata jina lake katika neno la Kiarabu lenye maana ya kunywa, neno hilo hilo lililowapa Waswahili sharubati. Kwa kuwa kibaraza cha dirisha hilo ndipo gudulia lilipowekwa lipigwe na upepo. Hassan Fathy, mjenzi mashuhuri wa Misri aliyefariki mwaka 1989, aliifufua elimu hiyo katika kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, kilichoanza kujengwa katika miaka ya 1940. Katika shule ya kijiji hicho aliweka makaa yaliyoloweshwa ndani ya bomba la upepo, naye ameandika kwamba joto la ndani lilipungua kwa nyuzi 10. Katika India ya kaskazini mapazia ya mizizi ya khaskhasi yaliloweshwa na kutundikwa mlangoni wakati wa pepo kavu za kiangazi.

Watu wa Dar es Salaam hawakuwa mbali na elimu hizi. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said alipoanza kuujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, alileta pamoja naye mafundi, wafanya biashara na watumishi kutoka Unguja, na nyuma ya Unguja ilikuwapo Omani, ambako mitungi ya Bahla ilitundikwa kivulini na kusifiwa kwa baridi ya maji yake. Wahindi waliokuja kufanya biashara walitoka Kachi na Gujarati. Kama kupoza nyumba kwa maji kungalifaa hapa, wa kukuleta hawakukosekana.

Kutokuja kwake kwatokana na hewa ya pwani. Maji hugeuka mvuke upesi katika hewa iliyo kavu, na katika hewa iliyokwisha kushiba unyevu hugeuka polepole au yasigeuke kabisa. Kipimo cha jambo hili ni kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji: pale kinaposhuka ndipo mwisho wa baridi iwezayo kupatikana kwa njia ya mvuke, wala hapana ufundi wa kuupita mwisho huo. Adhuhuri ya mwezi wa Januari Dar es Salaam hewa yaweza kuwa na nyuzi 32 na unyevu wa sehemu 65 katika mia. Kipimajoto chenye kitambaa hushuka mpaka 26 au 27 tu. Alasiri ya mwezi wa Oktoba mjini Dodoma hewa yaweza kuwa na nyuzi 31 na unyevu wa sehemu 30 katika mia. Kipimajoto hicho hushuka mpaka karibu na 19. Chombo chema cha kupozea hufika robo tatu tu ya njia. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Dodoma atapunguziwa nyuzi 9 hivi, na wa Temeke nyuzi 4. Na hizo nyuzi 4 za Temeke hazipatikani bila ya gharama, kwa sababu hewa iliyopozwa hivyo imejazwa mvuke mpaka karibu na ukomo wake, na mtu aliyeketi ndani yake atalowa jasho lisilokauka. Ameondolewa joto kidogo akapewa fukuto.

Hapa ndipo lugha yenyewe inapotoa ushahidi ulio bora kuliko wa kipimajoto. Neno hari, kwa Waswahili wa pwani, lina maana mbili: joto, na maji yatokayo mwilini kwa sababu ya joto. Neno jasho nalo ni vivyo hivyo. Mtu husema anatoka jasho, na husema pia kwamba leo kuna jasho, akikusudia hali ya hewa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imeyaeleza maneno yote mawili kwa namna hii, na kabla yake Madan alikwisha kufanya vivyo. Hari ilikuja kutoka Kiarabu, ambako ni joto tu. Ilipofika pwani ikapata maana ya pili. Katika nchi kavu joto na jasho ni vitu viwili, maana jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu huujua ukali wa jua kwa kiu. Pwani ya Mrima mtu huujua kwa ngozi yake. Waliounganisha maana hizi mbili katika neno moja walikuwa wameeleza kwa ufupi taabu nzima ya mjenzi wa pwani: adui si joto peke yake, ni joto pamoja na jasho lisilopata pa kwenda.

Na dawa yake imo katika lugha pia. Mtu aliyechoka na hari huenda kupunga upepo. Haendi kutafuta baridi. Kupunga ni kutikisa na kupeperusha, na kinachopungwa hapa ni hewa iliyoganda juu ya ngozi, ili ipishe hewa nyingine iliyo na nafasi ya kupokea jasho. Kwa hiyo yaweza kusemwa bila ya kutia chumvi kwamba upoaji kwa mvuke haukukosekana katika nyumba ya Mswahili. Ulikuwapo, lakini mtungi wake ulikuwa mwili wa mtu, na kazi ya nyumba ilikuwa ni kuuletea mwili huo upepo.

Nyumba iliyotimiza kazi hiyo yajulikana vizuri, lakini yafaa ielezwe tena kwa ajili ya jambo hili. Ilikuwa ya pembe nne, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na ukumbi mrefu katikati ukitoka barazani mpaka uani. Nguzo zake zilikuwa boriti za mikoko au miti ya mwituni, zikafungwa fito kwa kamba, na kiunzi hicho kikakandikwa udongo. Kuta hazikuwa nene. Jua likichwa, udongo ule mwembamba haukuwa na joto jingi la kurudisha ndani usiku. Paa liliezekwa kwa makuti ya viungo, likashuka pande zote mpaka upenu wake ukaitia kivuli kuta na baraza. Makuti yana hewa nyingi iliyotulia katikati ya majani yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto. Mtu aliyeweka mkono wake chini ya makuti saa sita mchana hakuhisi jua liko wapi. Tena, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kuta za vyumba hazikufika paani. Juu ya kila chumba palikuwa na uwazi mmoja ulioendelea nyumba nzima, na hewa ya moto ilipanda huko ikatoka chini ya upenu na kupitia makuti yenyewe, bila ya kutazama mlango wa nani umefungwa.

Ua nao haukuwa mahali pa kupikia na kufulia tu. Jioni ulifagiwa na kunyunyiziwa maji kutuliza vumbi, na ardhi iliyolowa ilipoa kwa mvuke kama mtungi upoavyo, chini ya mbingu iliyo wazi. Huko walikaa wanawake mpaka usiku, na barazani walikaa wanaume. Chumba kilikuwa cha kuwekea vitu na cha kulalia; maisha ya mchana na ya jioni yalikuwa penye upepo. Wazee walizijua pepo hizo kwa majina na kwa miezi: kaskazi, kusi, na upepo dhaifu wa maleleji katikati ya misimu hiyo miwili, wakati ambapo mji mzima hulalamika, tena umande, ambao kwa mabaharia si ukungu tu bali ni pepo za bara za alfajiri zinazowatoa pwani.

Nyumba hiyo ilianza kuandamwa na sheria mapema. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji wa Dar es Salaam kuwa makao makuu ya koloni lao, na mwaka huo huo walitoa amri ya ujenzi: kandokando ya bahari zijengwe nyumba imara za mawe za mtindo wa Kizungu, na nyumba za miti na makuti zirudishwe nyuma. Sababu zilizotolewa na serikali za namna hii, hapo na kwingineko, zilikuwa moto na afya, nazo hazikuwa za uongo. Paa la makuti huwaka kama mwenge, na cheche moja katika msimu wa kaskazi yaweza kuuteketeza mtaa. Lakini amri ile ilitenda jambo jingine pia, maana upepo mzuri wa mji ni wa baharini, na watu waliorudishwa nyuma walirudishwa nyuma ya upepo. Yafaa kutazamwa ramani: Uzunguni palikuwa mbele, penye viwanja vikubwa na miti, Uhindini pakafuata, nyumba zimegusana, na Uswahilini pakawa nyuma ya hapo. Waingereza, walioushika mji mwaka 1916, waliyarithi mafungu hayo matatu na kuyapa sheria zao wenyewe. Kariakoo, iliyopewa jina lake na kikosi cha wapagazi wa vita ile, ikapangwa mitaa iliyonyoka, na Ilala ikafuata. Baadaye Wazungu walipoongezeka walikwenda kukaa Oyster Bay, mbele ya bahari, wala si Buguruni.

Mabadiliko ya paa hayakungoja sheria peke yake. Mnazi ulikuwa karibu, lakini makuti hayadumu. Baada ya miaka michache huna budi kuezeka upya, na kadiri mji ulivyopanuka ndivyo makuti yalivyozidi kuwa ghali na kutoka mbali. Debe la mafuta ya taa, kinyume chake, lilikuwa kila mahali. Watu waliyapasua madebe, wakayanyosha, wakayapigilia misumari juu ya makombamoyo yale yale. Baada ya debe likaja bati lenyewe. Bati halichomeki, halinyeshewi, na mwenye nyumba akifa huwaachia wanawe. Kulidharau ni kazi rahisi kwa mtu asiyewahi kuamka usiku wa masika akihamisha kitanda kutoka tone hili hadi tone lile.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali yenyewe iliingia katika ujenzi wa nyumba za Waafrika, na hapo ndipo neno kota lilipoingia katika majina ya mji: Ilala Kota, Magomeni Kota, Temeke Kota. Mpango wa mji wa mwaka 1949, ulioandikwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliyagawa makao kwa wingi wa watu katika eneo, machache, ya kadiri na mengi. Na ingawa mpango huo ulizungumza kwa hesabu za viwanja, mafungu yake hayakuwa mageni kwa aliyeyajua mafungu ya zamani. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta watu zaidi ya 128,000 mjini. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji katika miaka ile ile na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, aliikuta nyumba ya vyumba sita ikiwa imara kama desturi, nusu makao na nusu biashara, kwa kuwa mwenye nyumba alikaa na wapangaji wake chini ya paa moja.

Uhuru ulipopatikana, Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuvunja vibanda vibovu na kuweka nyumba za matofali ya saruji mahali pake, hasa Magomeni. Hapa lilitukia jambo ambalo halikupata kutazamwa vya kutosha. Ramani ya nyumba ya Kiswahili haikuachwa. Vyumba vilipangwa vile vile kandokando ya ukumbi. Kilichoachwa ni vifaa. Ukuta wa udongo ukawa wa tofali, makuti yakawa bati, na ule uwazi wa juu, uliokuwa pafu la nyumba, ukazibwa, ama kwa ukuta uliopandishwa mpaka paani ama kwa dari. Jina likabaki lile lile, nyumba ya Kiswahili, na umbo likabaki; lakini ile iliyokuwa ikipumua sasa ilikuwa haipumui.

Walioamua hivyo hawakulazimishwa na mtu. Saruji ilitamaniwa. Jina lake la zamani, udongo wa Ulaya, lilikuwa limekwisha kubeba heshima yote, na Julius Nyerere mwenyewe, akiyapima mwaka 1977 matunda ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliwalaumu wananchi kwa kudharau matofali ya kuchoma na vigae wakingojea bati na udongo huo. Lawama hiyo ilikuwa ya gharama na ya kujitegemea. Jambo la hari halikuwamo. Wakati huo serikali ilikuwa imeacha kuvunja vibanda na kuanza kugawa viwanja vilivyopimwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliotiwa saini mwaka 1974: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapata viwanja vipya, na Manzese, kisha Mtoni na Tandika upande wa Temeke, zikatengenezewa barabara na maji bila ya kuvunjwa. Waliojenga huko walijenga kwa saruji na bati kadiri ya uwezo wao.

Ni lazima kusema kwa haki kile bati linachofanya na kile lisichofanya. Bati jipya hurudisha sehemu kubwa ya miali ya jua. Bati lenye kutu huimeza, na saa nane mchana laweza kupita nyuzi 60, likawa kama tanuri juu ya vichwa vya watu. Usiku lakini bati hupoa upesi kuliko kifaa kingine chochote, hata likatoka umande. Mkosaji wa usiku ni ukuta wa saruji. Tofali lililopigwa na jua la magharibi mchana kutwa huirudisha hari yake ndani polepole, na saa ya kuirudisha ni ile ile ambayo upepo wa bahari umekwisha na wa bara haujaanza. Katika nchi kavu ukuta mzito ni rafiki. Tembe ya Wagogo, yenye udongo mnene ukutani na juu ya paa, huuchelewesha mchana mpaka usiku wa baridi utakapoumaliza. Temeke haina usiku wa namna hiyo katika miezi ya kaskazi, kwa kuwa joto la alfajiri halishuki sana chini ya nyuzi 25, na ukuta uliosheheni hari hauna pa kuitupa isipokuwa juu ya waliolala.

Juu ya haya yakaja mambo ambayo mjenzi hana mamlaka juu yake. Upepo hupita chumbani ukipata pa kuingilia na pa kutokea. Katika nyumba ya vyumba sita dirisha la kila chumba hutazama nje na mlango hutazama ukumbini. Mpangaji akiufunga mlango wake usiku, naye ana haki ya kuufunga, dirisha limebaki mdomo bila ya koo. Zamani uwazi wa juu ulilimaliza shauri hilo. Sasa kila mtu hulala na hari yake. Kisha viwanja vikajaa: ua ukajengwa vyumba vya kupangisha, na dirisha la jirani likawa kando ya dirisha la jirani kwa urefu wa mkono. Kisha wezi, na nondo za dirishani, na mabamba ya mbao yanayofungwa saa moja usiku. Kisha mbu.

Jambo la mbu haliwezi kupitwa mbio, maana ndilo linaloizuia hoja hii isiwe ya kuililia tu nyumba ya kale. Ule uwazi chini ya upenu, uliokuwa pafu la nyumba, ulikuwa pia mlango mkuu wa mbu wa malaria, ambaye huingia akifuata harufu ya waliolala inayotoka humo humo hewa inamotoka. Wachunguzi waliofanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 2000 walithibitisha kwamba upenu uliozibwa, dari, na nyavu za madirishani hupunguza mbu ndani ya nyumba, na wakaazi wengi walikuwa wamekwisha kufanya hivyo kwa fedha yao wenyewe bila ya kuambiwa. Mama aliyeziba upenu wa nyumba yake Tandika hakuwa ameusahau ujuzi wa wazee. Alikuwa amechagua kati ya hari na homa ya mtoto, akachagua hari. Lakini hari nayo ina hesabu yake, kwa kuwa anayeshindwa kulala ndani hulala nje, na anayeona chandarua kinamnyima hewa hukiinua; hivyo mbu aliyefungiwa upenuni humngoja barazani. Katikati ya miaka ya 2010 nyumba chache za majaribio zilijengwa katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zenye kuta za wavu wa kivuli na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa ghorofani, ili upepo uingie na mbu asiingie. Ndizo karibu za kwanza kuikataa hukumu kwamba huna budi kuchagua kimoja.

Na kule ambako kupoza kwa maji kungefaa? Azimio la kuhamishia makao makuu Dodoma lilipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia huko kwa haraka. Nyumba na maofisi mengi yaliyojengwa kwa ajili yake yalichukua mtindo wa Dar es Salaam, madirisha ya vioo na viyoyozi, ingawa huko kwa miezi mingi ya mwaka hewa ni kavu na kitambaa chenye maji kingetenda kazi kubwa kwa umeme kidogo. Wakulima wa nchi kavu wanaoweka mboga zao katika vibanda vya makaa yaliyoloweshwa wanaijua kanuni hiyo kuliko wachora ramani. Kinyume chake, katika maduka ya Kariakoo mtu huweza kununua mashine yenye tangi la maji na feni, itengenezwayo kwa ajili ya nchi kavu, akaipeleka Mbagala, akafunga madirisha ili baridi isitoke, na asubuhi akaona kuta zinatoa maji. Chombo kizuri kimepelekwa mahali pasipo pake, kama vile ukuta mnene ulivyopelekwa Temeke.

Mji huo uliokuwa na watu 128,000 ulihesabiwa mwaka 2022 ukawa na watu milioni 5.38. Mwaka huo huo, pale zilipokuwa kota za Magomeni, yalizinduliwa maghorofa marefu mahali pa nyumba za chini zilizovunjwa, na wakaazi wake wa juu wamerudishiwa upepo ambao baba zao waliupata barazani. Walio wengi bado wako chini, katika vyumba vya bati na saruji, nao wanachokitegemea ni pangaboi. Neno hili lafaa kutazamwa. Katika majumba na maofisi ya wakubwa wa zamani, hapa na India, palitundikwa pazia kubwa darini, likavutwa kwa kamba na mtumishi aliyeketi nje ya mlango. Kwa Kihindi pazia hilo ni pankha, na mtumishi aliyelivuta aliitwa boi. Pazia limetoweka, kamba imetoweka, na jina la mtumishi limeupata ufalme wa mashine ya umeme. Pangaboi haipunguzi joto la chumba hata kwa uzi mmoja. Inafanya kazi ile ile ya kusi, kuifagia hewa iliyoshiba na kuipisha nyingine juu ya ngozi iliyolowa. Umeme ukikatika katika usiku wa maleleji, husikika mtaa mzima wa Tandika milango ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine, na mikeka ikitandikwa uani na barazani, pale pale ambapo wenye nyumba za makuti walikuwa wameketi.